Kisima cha Chekechea ya Junda

Wageni walitarajiwa saa nne, na maji yaliyokuwa yakitoka kisimani yalikuwa bado tope.

Jerioth alisimama ukingoni akiwa amekunja mikono ya blauzi yake ya sare. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa Mkono kwa Mkono, klabu ya watu wa Kisauni waliojitolea kuwahudumia majirani zao: makarani, madereva, walimu, wauza samaki. Mwaka mzima walikuwa wakichangisha. Waliosha magari kila Jumamosi, wakauza pilau, wakaandaa mechi kati ya vijana wa makanisa na wa misikiti. Yote hayo ili kisima cha zamani cha chekechea ya Junda kifukuliwe na kujengewa ukingo, watoto waache kunywa maji ya mkokoteni yasiyojulikana yalikotekwa. Leo ndiyo ilikuwa siku ya ufunguzi. Kampuni moja ya makasha ya mizigo ilikuwa imeahidi tangi na mabomba, mradi meneja wake ajionee mwenyewe maji yakitoka safi.

"Pampu ikikaa huku juu haina nguvu ya kuvuta," alisema Bramwel, dereva wa trela ambaye ndiye aliyesimamia miradi ya klabu. "Tuiteremshe pale kwenye kibao. Ikiwa karibu na maji itamaliza tope mara moja."

Kibao chenyewe kilikuwa jukwaa la mbao ambalo fundi Kaingu alilipachika ndani ya kisima, juu kidogo ya maji.

"Inatumia petroli hiyo," Jerioth alisema. "Na moshi wake?"

"Moshi hupanda juu, mwenyekiti. Tazama saa."

Jerioth akatazama hema, viti vilivyovalishwa vitambaa vyeupe, watoto waliokwisha kupangwa kuimba. Akasema sawa.

Wakaiteremsha kwa kamba. Injini ikanguruma humo ndani, maji ya matope yakamwagika mtaroni. Baadaye ikakohoa, ikazima yenyewe.

"Mpira umenyonya mchanga," alisema Kaingu. Alikuwa Mgiriama mwembamba, mcheshi, aliyefanya kazi ndani ya kisima kile tangu siku ya kwanza. "Nashuka niuzibue."

"Jifunge kamba kwanza, Kaingu," Jerioth alisema.

"Mama, ngazi hii ishanizoea. Nashuka na kupanda sasa hivi."

Jerioth angeweza kumzuia. Lakini gari lilipiga honi barabarani, akageuka kutazama kama ni wageni. Alipogeuka tena, kichwa cha Kaingu kilikuwa kimeshazama chini ya ukingo.

"Kuna joto huku!" sauti ilipanda. Kisha kitu cha chuma kikaanguka majini.

"Kaingu?"

Kimya.

"Kaingu! Itika!"

Wakainama wote. Ndani kabisa, katika mwanga hafifu, walimwona amekaa kwenye kibao, ameegemea injini, kidevu kifuani kama mtu aliyepitiwa na usingizi.

Ruwa, mdogo wake, alikuwa akichanganya saruji. Alitupa sepetu, akavua shati huku akikimbia, akatia mguu kwenye ngazi. Jerioth alimrukia. Alimkumbatia kiunoni, wakaanguka pamoja kwenye kokoto.

"Niache! Ni kakangu yule!"

"Hewa ya mle ndani imeharibika. Ukishuka utalala kando yake."

"Niache nasema!"

"Bramwel, mshike! Mshikeni huyu!"

Wanaume wawili wakambana Ruwa. Alipiga mateke, akalia, akatukana kwa Kigiriama. Klabu iliwahi kuwaandalia bodaboda mafunzo ya huduma ya kwanza, na Jerioth aliketi nao darasani. Maneno ya mkufunzi yalikuwa yamemkaa: katika shimo lenye hewa mbaya, mtu wa pili kufa huwa ni yule aliyekwenda kuokoa.

Kanze, mke wa Kaingu, alitoka mbio jikoni walikokuwa wakiwapikia wageni, mwiko ungali mkononi. Alichungulia kisimani. Ukelele alioutoa uliwatoa watu majumbani.

"Mbona mmesimama? Mtoeni!"

"Kanze, dada yangu, tunatafuta hewa kwanza."

"Hewa gani? Mume wangu anakufa nanyi mwatazama! Angekuwa ni ndugu yako wewe, ungemzuia mtu kushuka?"

Jerioth aligeuka kutazama lango la shule. Mtu alikuwa amekwisha kupiga simu kuomba gari la zimamoto, akaambiwa liko njiani. Lakini msongamano wa magari wa asubuhi kila mtu aliujua.

"Kompresa!" Jerioth alisema ghafla. "Anwar ana kompresa ya umeme!"

Anwar alikuwa fundi wa pancha, kibanda chake kikitazamana na lango la shule. Hakuuliza maswali. Waliibeba mashine mikononi, wakaichomeka kwenye umeme wa darasa, wakaunganisha mipira yote ya upepo aliyokuwa nayo, wakaiteremsha hadi karibu na uso wa Kaingu. Upepo ukaanza kuvuma. Jerioth akang'oa kitambaa kimoja cheupe kitini, akaamuru vitambaa vyote vifungwe kwenye kamba pamoja na matawi, vipandishwe na kuteremshwa upande wa pili ili hewa iliyotuama itibuke. Akina mama wakaivuta na kuiachia, kuivuta na kuiachia.

"Tayari sasa," Ruwa alisema. "Niacheni niende."

"Bado."

"Hadi lini?"

Hakujua. Mafunzo hayakumwambia ni kiasi gani kinatosha. Akimruhusu mapema, atawazika wawili. Akichelewa, atamzika mmoja aliyekuwa na nafasi ya kupona. Alimtazama Kaingu kule chini. Alidhani bega limetikisika, tena akadhani ni kivuli tu.

"Mfungeni kamba, mpeni na ya pili ya kakake," alisema mwishowe. "Na mpira mwingine wa upepo umwelekee usoni. Ruwa, nisikilize. Usinyamaze hata kidogo. Ongea lolote. Ukinyamaza, nakuvuta."

Ruwa akashuka akipaza sauti. "Niko kwenye ngazi! Kuta zina maji! Nakiona kibao! Kaka! Kaka, nimekuja!"

Wageni walikuwa wamefika. Hakuna aliyewapokea. Meneja, mama mmoja aitwaye Margaret, alipoona watu wameshika kamba alivua viatu vyake vya kisigino, akashika nyuma ya Bramwel.

"Nimemfikia! Ana joto! Nampitisha kamba kwapani..." Sauti ilianza kuwa nzito. "Nafunga... nafu..."

"Ruwa!"

"...nimefunga..."

"Ruwa, ongea!"

Hakuongea.

"Vuteni! Wote wawili, vuteni!"

Kamba zilikwaruza ukingo. Ruwa alitokeza kwanza, macho yamelegea, akatapika mchangani na kuanza kuhema. Kisha Kaingu, mzito kama gunia lililolowa. Jerioth alipiga magoti, akamwinua kidevu, akampulizia pumzi, akasikiliza, akampulizia tena. Hatimaye kifua kikapanda chenyewe.

Walimlaza kwenye gari la meneja, Kanze akampakata kichwa. Kabla mlango haujafungwa, Margaret aliuliza, "Imekuwaje?"

"Fundi aliteremka bila ruhusa," Bramwel alisema haraka. "Hata kamba alikataa."

Watu waligeuka kumtazama Jerioth. Alijua uongo ule ungeliokoa tangi.

"Sivyo," alisema. "Sisi ndio tulioitia injini ya petroli kisimani, kwa kuwa tulitaka mkute maji safi. Bramwel alishauri, mimi nikakubali. Kaingu hana kosa."

Margaret akafunga mlango. Gari likaondoka.

Jioni, Kaingu alifumbua macho hospitalini, hewa ya mtungi ikimwingia puani. Alimjua mkewe, lakini jina la mdogo wake alilipata baada ya kulitafuta sana. Daktari alisema atakuwa akisahausahau kwa muda, lakini ataishi. Ruwa alikuwa kitanda cha jirani, akilalamikia uji.

Jerioth alikuwa kwenye benchi la nje, matope yamekauka kwenye sare yake. Ujumbe wa Margaret ulikuwa umeingia kwenye simu: kampuni ingegharamia matibabu, lakini tangi lisubiri hadi watakaporidhika kwamba klabu inajua kulinda watu wake. Aliona ni haki. Wangerudi kuuza pilau.

Kanze alitoka, akaketi mbali naye kidogo.

"Ulimkamata Ruwa," alisema. "La sivyo leo ningekuwa na matanga mawili."

Jerioth aliinamisha kichwa.

"Lakini injini ni nyinyi mlioitia."

"Ni sisi. Nisamehe, Kanze."

"Sijaweza bado." Kanze alifuta uso kwa ncha ya leso. "Watoto wangu wako peke yao nyumbani, na mimi sitoki hapa. Nenda ukalale nao. Mdogo hulia usiku. Mpe maji, atanyamaza."

Jerioth aliinuka, akauliza nyumba iko upande gani wa shule, akashika njia.