Boa Mweupe wa Egbert

Egbert alikuwa akipiga simu kila Jumapili na swali lake lilikuwa moja: "Adventina, wamekula?" Walioulizwa hawakuwa watu. Walikuwa boa wake wawili, nyoka wa Amerika Kusini aliowanunua kwa jamaa wa Arusha aliyefunga bustani yake ya nyoka. Yeye mwenyewe alihamia Kyerwa kwa mke mwingine, na huyo mke, maskini ya Mungu, anaogopa nyoka! Basi nikaachiwa mimi hapa Ihanda. Kwani mimi siogopi? Naogopa hadi leo.

Binti yetu Joviness ana miaka kumi na mmoja. Alizaliwa na ualbino. Egbert alipomwona alisema kwao hakuna mtu wa rangi ile, wala kwetu Muleba hakuna, kwa hiyo nimtajie baba wa mtoto. Akakataa kumpa jina la ukoo. Kwetu baba ndiye anayempa mtoto jina hilo, na asiye nalo hunong'onwa kila penye msiba na kila penye harusi. Nilichotaka kwa mwanaume huyu ni hicho tu, jina la mwanangu. Nikajiambia, madhali nyoka wako kwangu, ipo siku atakuja kuwaona, na akija atamzoea mtoto.

Ndiyo maana nikawatunza. Umeme ukikatika nilikuwa nawazungushia chupa za maji ya moto na blanketi langu, mimi nalala na kitenge. Jumuiya ya kanisani ilikuwa inasali nyumba kwa nyumba, lakini kwangu wanaruka kwa kuogopa nyoka. Nilikuwa nakunywa kahawa peke yangu, na inachosha, jamani.

Mwaka huu jike akazaa. Boa hatagi mayai, anazaa watoto hai, na kati ya wale wa kahawia alikuwemo mmoja mweupe wa kuelekea manjano, macho mekundu. Nilipomwambia Egbert kwenye simu alipiga kelele kama mtu aliyefunga goli. Kesho yake bodaboda ikamshusha mlangoni pamoja na rafiki yake Clavery.

Joviness akatoka na kofia yake. "Shikamoo, baba."

"Marahaba," akajibu, macho yake yakiwa kwenye sanduku la yule nyoka mweupe. Papo hapo akaanza kumhubiria Clavery. "Tazama mama yake, kahawia. Baba yake, kahawia. Weupe umejificha ndani yao wote wawili, kwa macho huuoni. Mtoto akipata wa mama na wa baba, anatoka hivi."

Clavery, mchokozi yule, akacheka. "Au jike alichepuka!"

"Acha ujinga wewe! Mama peke yake hawezi. Bila baba kuwa nao ndani, mtoto hatoki mweupe. Hiyo ni sayansi, bwana."

Kumbe anajua! Nikafungua mdomo nimpe za uso, Joviness akanitangulia. Hakuuliza kwa hasira. Ni mtoto anayependa masomo, alitaka kuelewa tu.

"Kwa hiyo, baba, na wewe unao ndani?"

Clavery akaacha kucheka. Egbert akamtazama mtoto, akamtazama kweli. Moyoni nikawa namsihi, sema, Egbert, jina moja tu.

"Funika sanduku," akasema. "Anapata baridi."

Wiki iliyofuata ikaja pikapu. Dereva alisema ametumwa na mzee Egbert, ambaye amewajengea nyoka banda hukohuko Kyerwa. Akawapakia wote, wakubwa kwa wadogo. Tangu hapo Egbert hajakanyaga hapa.

Nilikuwa nadeki chumba walichokuwa wakikaa nyoka, Joviness alipokuja kusimama mlangoni.

"Mama, nilikosea kuuliza?"

"Hukukosea," nikamwambia, nikalia mbele yake, na nikashindwa kunyamaza.