Mkato wa Kwanza wa Meza ya Madhabahu

Kabla sijagusa mashine ya kupasulia mbao navua shanga zangu za sala na kuzitundika kwenye msumari, chini ya picha ya Guanyin, mungu wa kike wa huruma. Uzi wa shanga ukidakwa na msumeno, mkono unafuata. Glavu pia sivai, hata baridi ya mji wetu wa Lukang iume vipi.

Asubuhi hiyo Bi Tsua alikuja kushuhudia mkato wa kwanza wa meza ya madhabahu ya nyumba yao. Ubao ulikuwa wa mkafuri, mrefu kuliko mimi, unanukia karakana nzima. Saa njema alikuwa ameichagua mzee wa hekaluni, na mama mkwe wangu alikwisha kuwasha kijiti cha udi, amekishika mkononi.

Katika nyumba yetu mkato huo haukatizwi. Ukianza, unakwenda mpaka mwisho. Baba mkwe ndiye aliyeleta desturi hiyo, na alipofariki mama mkwe akaishika kuliko hata mwenyewe. Mume wangu, Bun-hiong, aliwahi kuzima mashine katikati ya mkato wa kwanza akapokee simu. Mwaka uleule ini likamuua. Mama mkwe hajanilaumu mimi hata siku moja. Anailaumu ile simu.

"A-Khim, udi unawaka! Unangoja nini?"

"Mama, ngoja nirudishe ulimi. Jana nilikuwa nachimba mfereji kwenye ubao."

Ulimi ni kile kipande cha chuma kinachosimama nyuma ya msumeno, kinauzuia ubao usijifunge. Ukichimba mfereji, msumeno haupenyi hadi juu ya ubao, kwa hiyo ulimi na kifuniko chake vinatolewa. Ukitaka kupasua, lazima virudi.

"Ulimi, ulimi! Huo wa kinywani haukutoshi? Saa inapita!"

Bi Tsua akacheka mpaka akafunika mdomo. "Mkweo mkali, dada."

Nilikwisha kuishi na ukali huo miaka mingi, na siku hiyo sikutaka ugomvi mbele ya mgeni; nikauacha ulimi kando. Nikaufunga mwongozo wa pembeni kwa kipimo, nikaupandisha msumeno kutoka chini ya meza ya mashine mpaka meno yakapita unene wa ubao kidogo tu, nikasimama kushoto, nje ya njia ya ubao. Ndipo nikamwona mama mkwe amesimama nyuma yangu, palepale ambapo ubao ungerukia kama msumeno ungeudaka.

"Mama, sogea hapo."

"Nasimama ninaposimama siku zote. Udi lazima uutazame mkato."

Nikawasha.

Mwanzoni ubao ulikwenda vizuri. Mkono wa kushoto uliukandamiza kwenye mwongozo, wa kulia ukasukuma, unga wa mbao ukamwagika mwepesi kama wa mchele. Tulipofika nusu, mlio ukabadilika. Mashine ikaanza kunguruma, harufu ya kafuri ikageuka ya moshi. Nikatazama nyuma ya msumeno: ule mfuo uliokatwa ulikuwa unajifunga. Mkafuri ule ulikuwa na mvutano ndani yake, na sasa ulikuwa umeyabana meno.

Nikasukuma, haukwenda. Kuuvuta nyuma sikuthubutu. Ukaanza kunyanyuka chini ya viganja vyangu, unatetemeka, na kila ukinyanyuka nilijua unataka kwenda wapi. Ningeuachia, ungempata mama mkwe kifuani.

"Mama, ondoka hapo!"

"Nini?"

"Ondoka! Ubao umebana!"

"Usizime!" Sauti yake ilikuwa kali kuliko mashine. "A-Khim, usizime! Sukuma!"

"Kwa nini hauendi?" Bi Tsua aliuliza. "Ndivyo unavyokwendaga?"

Nililala na uzito wangu wote juu ya ubao. Mikono yote miwili ilikuwa kazini, hata kidole kimoja sikuweza kukiondoa. Mama mkwe hakusogea. Nilimsikia nyuma yangu anaanza sala, ileile aliyoisoma kitandani kwa Bun-hiong, na mimi nikataka kuomba naye lakini maneno hayakuja. Nilijua anaamini nini. Nikizima, kwake nitakuwa nimemfungulia mlango mtu mwingine wa nyumba hii aondoke. Na mimi pia, nisiseme uongo, nilikuwa naamini nusu yake.

Ubao ukaruka tena, nikaurudisha chini. Mabega yakaanza kulegea.

Chini ya meza, usawa wa goti, kuna kibao kinachoning'inia mbele ya swichi. Bun-hiong alikitengeneza mwenyewe, ili mtu ambaye mikono yake imeshikwa azime kwa goti. Nikamwita Guanyin kwa jina lake tu, nikasukuma goti.

Mashine ikazima. Sikuachia. Niliendelea kuukandamiza mpaka jino la mwisho likatulia na nikasikia pikipiki za barabarani.

"Umezima," mama mkwe alisema.

"Nimezima, Mama."

"Iwashe hapohapo ilipo. Msumeno bado uko ndani. Haujakatizwa, umepumzika."

"Hapana, Mama. Meno yakianza kuzunguka yakiwa ndani ya mti, yataudaka na kuurusha. Siwashi."

"Basi umetuua."

Nikachomoa waya ukutani, nikatafuta kabari, nikaigonga taratibu kwenye mfuo. Ubao ukapumua, ukafunguka. Nikashusha msumeno chini ya meza.

Bi Tsua alikuwa anamtazama mama mkwe. "Lakini bibi, zamani si mlikuwa mnapasua kwa mkono? Mbao kama hii mlimaliza bila kupumzika?"

Mama mkwe alikuwa anaitazama kabari.

"Upande wa pili wa msumeno nilishika mimi," alisema. "Nilikuwa bi harusi. Mti ukibana, mzee wangu anasema 'kabari', nami nagonga. Halafu anakunywa chai."

"Hata kwenye mkato wa kwanza?"

"Hata huo. Hata huo. Alikunywa chai mara mbili."

Majivu ya udi yakamdondokea mkononi, hakuyapangusa.

"A-Khim," aliniita, na sauti haikuwa yake. "Sasa mwanangu alikufa kwa nini?"

Miaka yote jibu lake lilikuwa ile simu. Nikauvuta ubao mpaka mwanzo, nikaupandisha msumeno, nikaurudisha ulimi nyuma yake, nikaufunga kwa spana, kisha kifuniko juu yake. Yeye akatembea polepole mpaka kwenye msumari, akatwaa shanga zangu, akaja kusimama ubavuni kwangu, upande wa kushoto.

"Hapa pana usalama?"

"Hapa pana usalama, Mama."

Niliporudisha waya ukutani, alikuwa bado hajaanza kuhesabu shanga. Alizishika tu.

"Washa," akasema.