Ukuta wa Mizani Kumi na Sita

Usiku wa kuamkia leo niliota nimesimama ukumbini, hapa hapa Iringa, na tai ya kaka yangu shingoni. Nilikuwa nisome shairi kufungua mhadhara wa msanifu majengo, Bi Atukuzwe Kihwele. Chama chetu cha Sanaa na Bustani kilikuwa kinachangisha fedha za ukuta, maana mbuzi wametumalizia maua na jukwaa wamelitafuna pembeni.

Mgeni rasmi alikuwa mbuzi.

"Sikumwalika mimi," alisema Bi Atukuzwe. "Lakini kafika kwa wakati. Ukuta usiposimama hadi mwisho wa shairi lako, itifaki inasema mgeni rasmi anaanza kula."

"Anaanza na nini?"

"Bustani."

Mbuzi akajifunga kitambaa kifuani.

Nacheka. Ushairi nimejifundisha mwenyewe, mbuzi atanitisha nini? Nafungua daftari, nasoma: "Maua nayo ni watu, yanaomba nyumba yao."

Kila mizani inatoka mdomoni ikiwa tofali la kuchoma, bado la moto. Kumi na sita kila mstari! Vigelegele! Ukumbi umeshakuwa bustani, wala hakuna anayeuliza. Ukuta unafika kiunoni, unafika kidevuni. Nafika mstari wa mwisho, ule nilioupenda kuliko yote:

"Mimi ni malenga mkubwa, nasimamia maua."

Ukuta unainama.

"Kumi na saba," inasema timazi, ile kamba ya fundi yenye uzito nchani, ikining'inia bila mshikaji.

"Haiwezekani! Hesabu tena!"

"Mimi sihesabu, kijana. Mimi naning'inia. Umepinda."

Mbuzi anavuta kiti karibu na mawaridi.

Nahesabu kwa vidole, vinanipungukia. Bi Atukuzwe anachomoa vyake, ananiazima. Mi, mi, ni, ma, le, nga, m, ku, bwa. Tisa! Mahali pa nane!

"Toa neno," anasema.

"Lipi?"

"Unalolipenda."

Nalikumbatia "mkubwa", matofali matatu mazito. Mbuzi ameshafungua kinywa. Nalichomoa! Mahali pake napachika mawili mepesi: "Mimi ni malenga wenu."

Ukuta unanyooka. Timazi inatulia.

"Mmeniharibia chakula," anasema mbuzi, akikunja kitambaa. "Andikeni mchango wangu, mifuko kumi ya saruji. Mgeni rasmi haondoki hivi hivi."

Nikaamshwa na mlango kugongwa.

"We malenga! Wageni wameanza kufika, bado umelala?"

Ilikuwa sauti ya Bi Atukuzwe. Nilirukia daftari. "Mkubwa" lilikuwa pale pale, limepigiwa mstari mara mbili kwa fahari. Nililikata, nikaandika "wenu", nikakimbia kufungua.

Bi Atukuzwe alikuwa kizingitini, anajifuta vumbi jekundu la tofali vidoleni, kimoja kimoja.

"Umelikata?" aliuliza.