Sanduku Lisilovuja Ulezi

Shangazi Emerensiana wa Milanzi hakuwa mtu wa kudai makuu. Alitaka tu nimtengenezee Klementina, binti wa marehemu kaka yake, sanduku la mninga lisilo na msumari hata mmoja. Angelijaza ulezi, angelitikisa, na punje moja ikidondoka, ningerudi kwetu na sanduku langu, naye Klementina aolewe na Adolfu, karani wa boma la Mwingereza. Adolfu hakudaiwa sanduku. Karani ana kofia, inatosha.

"Ulezi, shangazi?" niliuliza. "Si mahindi?"

"Mahindi hata kapu bovu linayazuia. Mwanangu ataweka akiba humo, Evaristi. Au wewe utamlisha maranda?"

Nilikuwa fundi nyuma ya duka la Mzee Lukmani, pale Mazwi. Mwaka ule alikuwa ameleta kwa lori msumeno wa meza: kimeza cha chuma, duara la msumeno likichungulia katikati, likizungushwa kwa mkanda na injini ileile iliyosaga unga wa mtaa mzima. Tulikata mbao pale tu akina mama walipomaliza kusaga.

"Mashine haikosei," Mzee Lukmani alimtangazia kila aliyekuja kununua chumvi. "Imetoka Ulaya."

Hakuna aliyenifundisha kuitumia. Yeye pia hakufundishwa na mtu. Tofauti yetu ni kwamba yeye alikuwa na hakika.

Pembe ya sanduku isiyo na msumari hushikwa na meno. Ncha ya ubao hukatwa jino na pengo, jino na pengo. Ya ubao wa pili vivyo hivyo. Kisha meno ya huu huingia katika mapengo ya ule, kama mtu anayefumbata vidole vya mikono miwili. Nikatengeneza kibao cha kusukumia ubao kwenye msumeno, nikakipachika kijiti. Unakata pengo, unalivalisha kwenye kijiti, unakata linalofuata, mpaka ubao uishe.

Mzee Lukmani alisimamia haki. "Mbao zote nne zianze na jino," aliagiza. "Hapa kwangu hakuna upendeleo."

Zikaanza na jino. Tulipozikutanisha, jino lilikuta jino, yakatazamana kama mabeberu wawili kwenye daraja la gogo.

"Mninga wa huku mbishi," alisema Mzee Lukmani.

Nilikata mbao nyingine, mbili zikianza na jino na mbili na pengo. Safari hii meno ya mwanzo yaliingia vizuri, ya katikati yakanuna, ya mwisho yakagoma kabisa. Klementina alikuwa amekuja kusaga. Aliweka ungo chini, akachungulia ile pembe.

"Haya ni meno ya babu yangu," alisema. "Naye nyama tunamtafunia."

"Ni upepo wa Ufipa, binti," Mzee Lukmani alimweleza. "Unavimbisha mbao."

"Mbona haujalivimbisha duka lako, mzee?" Kisha akanigeukia, akashusha sauti. "Adolfu amekuja tena. Ameleta sabuni ya kunukia. Shangazi ameinusa mpaka kapiga chafya."

"Na wewe?"

"Mimi nangoja sanduku. Usinifikishe mahali pa kuinusa."

Alipoondoka nilikaa na ule ubao. Kosa nililiona kwenye kijiti. Kilikuwa chembamba kidogo kuliko pengo, kwa hiyo ubao ulicheza juu yake, mara kulia, mara kushoto, na kila jino likarithi kosa la mwenzake na kuongeza lake, kama habari zinavyosafiri kutoka Mazwi hadi Milanzi.

Nikachonga kijiti kipya, kinachoingia pengoni kwa kusukumwa na kidole gumba. Nikajaribia vipande vya kutupa, nikikisogeza kidogo kidogo mpaka jino likalingana na pengo. Nyuma ya ubao niliegemeza kipande kingine, ili nyuzi zisichanike msumeno unapotokea. Mzee Lukmani alinitazama kwa huruma.

"Fundi, unaipimia mashine inayojua."

Meno yakaingia yote. Nilipaka gundi, nikaingiza ubao wa chini katika mfereji niliouchimba kwenye mbao zote nne, nikagonga kwa nyundo ya mti, na juu nikaweka kifuniko cha kubana. Nilipoinua macho, Mzee Lukmani amesimama na misumari.

"Miwili tu," alisema. "Ya heshima."

"Mzee, heshima hiyo itanikosesha mke."

Siku ya kujaribiwa, Shangazi alitandika shuka jeupe uani. Adolfu alikuja na kofia yake. Mzee Lukmani alikuja kuiwakilisha mashine.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Liweke hapo."

Alizipapasa pembe zote akitafuta msumari. Akamimina ulezi mpaka juu, akafunga kifuniko, akatuamuru tulitikise. Tukatikisa. Akapiga magoti, akainamia shuka mpaka pua ikaligusa.

"Tena!"

Tukatikisa tena. Klementina alikuwa ameshika nguzo ya kibanda kwa mikono miwili. Shuka lilibaki jeupe.

"Labda ulezi wa mwaka huu ni mnene," alisema Adolfu.

"Labda kofia yako ni nyembamba," Shangazi alimjibu, akainuka. "Evaristi, mchukue mke wako."

"Niliwaambia mashine haikosei," alisema Mzee Lukmani, akapokea pongezi.

Nikainama nimwage ulezi niondoke na sanduku. Shangazi aliniwahi mkono.

"Wewe! Sanduku zuri namna hii ukalijaze magauni? Liingizeni ndani kwangu, na ulezi wake humohumo."

Basi siku ya harusi Klementina alikuja kwangu na nguo zake katika gunia la sukari alilotuzawadia Mzee Lukmani. Lilikuwa limetoboka. Ilinibidi nirudi njia yote ya Milanzi nikiokota leso.