Kabureta ya Marehemu Gerezgher

Fundi Tesfu aliingiza vidole viwili kwenye tundu la injini, chini ya pale kabureta inapokaa, akavuta, akatoa kitambaa. Kilikuwa cheusi kwa masizi na kilinuka petroli, lakini mwalimu Habteab alikitambua mara moja. Kilikuwa kipande cha fulana yake mwenyewe.

"Mwalimu," Tesfu alisema, "gari lako siku hizi linavaa nguo?"

Habteab alikipokea, akakigeuzageuza. Alipofungua kabureta mbovu ya Fiat aliyorithi kwa baba yake, ya mwaka 1957, alikuwa ameziba tundu kwa kitambaa hicho ili vumbi lisiingie. Kisha akaizunguka Asmara wiki tatu akitafuta kabureta nyingine, akaipata kwa Letebrhan, mjane wa fundi Gerezgher. Akaifunga kwa furaha yote, kitambaa kimemtoka kabisa kichwani. Siku ya arusi ya binti yake injini iliwaka, ikakohoa, ikazimika barabarani kabla ya kufika kanisani, na bibi arusi akamalizia safari kwa miguu.

Angenyamaza basi. Lakini Habteab si mtu wa kunyamaza. Jumapili iliyofuata, mkahawani, ambapo wenye magari ya kale hukutana baada ya misa kupeana ushauri, alisimama na kikombe chake mkononi akatangaza kwamba kabureta za Gerezgher ni takataka, na kwamba mzee yule alikufa akiwa haoni hata skrubu. Watu wakacheka. Naye akacheka, na sasa kicheko hicho ndicho kilichomchoma kuliko yote.

"Nilikuambia kabureta hii nzima," Tesfu alisema. "Ukaniambia namtetea maiti."

"Usimwambie mtu, Tesfu."

"Mimi sisemi. Utasema wewe."

Habteab alikwenda kwa mjane muda uleule, mikono bado ina grisi. Njiani alijipangia maneno mazuri, yote yakapotea alipoingia jikoni. Rafu zilizokuwa zimejaa kabureta, kila moja imefungwa gazeti na kuandikwa kwa mkono wa Gerezgher ni ya gari gani, zilikuwa tupu.

"Dada, vitu viko wapi?"

"Nilivipeleka Medeber Jumatatu, kwa wale wa vyuma chakavu. Wameshayeyusha." Letebrhan alikuwa amekaa kwenye kigoda, anakaanga kahawa. "Niliambiwa ulichosema mkahawani. Nikasema mwalimu hawezi kusema jambo asilolijua. Sikutaka mzazi mwingine aaibike barabarani kwa kazi ya mume wangu."

Habteab alitamani ardhi ipasuke immeze. Alimweleza yote, kitambaa, tundu, fulana, bila kumtazama usoni.

Letebrhan aliacha kukoroga kahawa. "Kwa hiyo mikono yake ilikuwa mizima?"

"Mizima, dada."

"Na macho?"

"Macho pia."

Aliitikia kwa kichwa, akairudia kahawa yake. Habteab aliinuka. Alichotaka ni mlango tu.

"Unakwenda wapi, na kahawa iko motoni?"

Akakaa. Asmara, nani anaondoka nyumbani kwa mtu kabla ya kikombe cha tatu? Alikunywa cha kwanza, akanywa cha pili, macho hayana pa kwenda ila kwenye zile rafu. Kahawa ilikuwa nzuri, nayo ilimshuka kama dawa ya kulazimishwa. Ni alipommiminia cha tatu ndipo Letebrhan alipofungua kinywa.

"Nasikia siku ile ulisema umesimama."

"Ndiyo, dada."

"Basi Jumapili simama tena. Nami nitakuwepo."