Pilipili ya Marehemu

Siku ya kwanza Germaine alipopika katika nyumba ya Mathieu, mume wake mpya, pale Kikula, mjini Likasi, Carine alimwacha amalize kila kitu. Alimwacha asonge bukari, akoleze sombe ya majani ya muhogo, atenge kwanza sahani ya baba na kuifunika. Ndipo msichana yule wa miaka kumi na mitano akaja na kikombe cha pilipili iliyotwangwa, akaimimina yote ndani ya sufuria.

“Huku kwetu tunakulaka hivi,” akasema. “Mama alikuwa anatia.”

Nani atabishana na marehemu? Albertine, mama wa watoto, alikuwa na mwaka mmoja na nusu kaburini. Germaine alichovya tonge moja tu, akakohoa mpaka kamasi zikamtoka. Carine na wadogo zake, Jimmy na Princesse wa miaka sita, waliendelea kula kimya kutoka sahani moja, vichwa vimeinama. Germaine akajichukulia bukari na chumvi, akaenda kuila kizingitini.

Hakulilia njaa, aliililia ile sahani. Mume wake wa kwanza alimrudisha kwao Kapolowe baada ya miaka tisa bila mtoto, na mama yake alimpokea na kumwambia asihangaike, kwamba mtoto si yule wa tumbo tu, mtoto ni yule anayekula nawe sahani moja. Ni maneno hayo yaliyomfanya akubali mwanamume aliyefiwa, mwenye watoto watatu. Sasa watoto walikuwepo na sahani ilikuwepo, na katikati pilipili. Wanaouliza pilipili usiyoila yakuwashiani hawajawahi kukaa kwenye kizingiti kile.

Alimuuliza Mathieu kama kweli Albertine alipenda pilipili namna hiyo. Mathieu alikuwa anafunga viatu vyake vya kazi, anakwenda zamu ya mchana kiwandani.

“Mambo ya mboga uliza Carine,” akasema. “Minye nakulaka tu.”

Mwanamume mzima, miaka kumi na sita na mke mmoja, ati hajui alikuwa akilishwa nini! Lakini Germaine alikuwa mgeni, akamfungulia mlango.

Akaamua kujifunza. Sokoni kulikuwa na mama mmoja, Fidélie, aliyeuza pilipili kwa mafungu juu ya gunia. Aliposikia kisa chenyewe alicheka mpaka kitenge kikamlegea.

“Mama, weye unataka kupigana nayo. Muntu hapigane na pilipili! Anza na harufu tu. Tia moja muzima mu mboga, usiipasule, kisha uitoshe inje. Mwezi muzima, hivyo tu. Na ikikuchoma usikunywe mayi, mayi inaongezaka moto. Kamata bukari.”

Germaine aliyashika kama katekisimu. Mwezi wa kwanza, katika kibakuli chake cha pembeni, pilipili nzima iliogelea tu na kutolewa. Mwezi wa pili aliipasua, akakwangua mbegu na ule utando mweupe wa ndani, maana Fidélie alisema ukali wote unalala humo, akatia ngozi tupu. Kisha robo na mbegu zake. Kisha nusu. Kuna wiki tumbo lilimkata hata akarudi kwenye ngozi tupu. Kuna siku alijisahau akapangusa jicho, akashinda na jicho jekundu, majirani wakidhani amepigwa.

Na hapo kati likatokea jambo ambalo hakulitarajia: akaanza kuipenda. Mwezi wa tano aligundua kwamba pilipili ina harufu ya majani mabichi kabla haijachoma, na kwamba ikishachoma samaki anakuwa mtamu zaidi na kichwa kinakuwa chepesi. Alipokula kwa jirani yake Martine mboga isiyo nayo, aliona kama ametafuna karatasi. Alimshukuru Albertine kimoyomoyo. Alijiona amemjua mwanamke yule kuliko picha yake iliyotundikwa ukutani ilivyoweza kumweleza.

Kitu kimoja tu kilimsumbua, sukari. Kopo lilikuwa linakwisha kabla ya wiki kwisha. Akamlaumu Mathieu na chai yake.

Jumapili moja ya Novemba, baada ya misa, Mathieu akiwa zamu, Germaine alipika samaki na majani ya lengalenga. Carine akaja na kikombe chake kama kawaida, akamimina. Safari hii Germaine hakujitengea kitu. Alinawa mikono, akavuta kigoda, akaketi kati ya Jimmy na Princesse, akamega.

Akatafuna, akameza. Ilimchoma vizuri, kama alivyoizoea. Alimega tena na tena, jasho jembamba likimtoka juu ya mdomo, akawatazama watoto kwa furaha ambayo alikuwa ameisahau, akingoja mmoja wao aseme neno.

Aliyesema ni Princesse. Tonge lilikuwa limemwanguka.

“Carine, iko anakula.” Midomo yake ilikuwa imevimba. “Basi tuache. Minye inanichoma. Kila siku inanichoma. Ulisema atashindwa!”

Hakungoja jibu. Aliinuka akakimbilia kabatini, akafungua kopo, akajaza sukari mdomoni kwa kiganja kizima. Jimmy naye akainuka akamfuata.

Germaine akaelewa habari ya sukari. Yaliyobaki aliyauliza kwa sauti ndogo.

“Mama yenu alikuwa anatia pilipili?”

“Hata moja,” Carine akasema. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, yeye pia, na hakuyapangusa. “Ilikuwa inamuumiza tumbo. Ile siku papa alisema utakuya, njo tulianza kujifunza. Kidogo kidogo, sawa weye.”

Miezi minane! Nyumba moja, meko moja, watu wanne wanajichoma vinywa, mmoja apate kuifikia sahani, watatu asiifikie. Na Mathieu, aliyeulizwa waziwazi na akajua jibu, alifunga viatu vyake akaenda kazini. Wa kulaumiwa kwanza ni huyo, watoto wafuate nyuma yake.

Jumatatu Carine ndiye aliyepika. Hapakuwa na kikombe. Princesse aliomba aongezwe, Jimmy akacheka na mdomo umejaa. Germaine hakuwahi kuwasikia wakila kwa kelele hivyo. Alinawa mikono, akasogea.

Carine alikuwa amekwisha kumwandalia, tena kwa heshima zote: juu ya kigoda, sahani moja peke yake, bukari, samaki, na pembeni pilipili tatu nyekundu, zimeoshwa.

“Mama Germaine, ya kwako njo ile,” akasema. “Siye hatukulake pilipili.”

Germaine aliichukua akaenda nayo kizingitini. Alitafuna pilipili ya kwanza na mbegu zake zote. Ilikuwa miezi sasa tangu pilipili imtoe machozi, na hata hii haikumtoa. Yalitoka yenyewe, mengi, yakadondokea kwenye bukari, na hakuwa na mkono safi wa kuyapangusa.

Martine alikuwa anapita na ndoo ya maji kichwani. Alimwona, akacheka.

“Ee mama! Punguza ile pilipili, itakuua!”