Uchafu wa Kisu

Kila Jumamosi asubuhi, kabla duka la kadi la Abu Ghalib pale mjini Irbid halijapokea mteja, Nuhad alichomoa kisu kwenye mashine ya kukatia nakshi za kadi na kukisafisha. Kisu chenyewe ni kifupi kuliko ukucha, kimejificha ndani ya kishikio chake. Alibonyeza kichwa cha kishikio, ncha ikachungulia, akaichoma kwenye donge la foili mara hamsini, mpaka vumbi la karatasi lililonasa likatoka. Abu Ghalib alikuwa akimletea foili iliyofungia mkate wake wa filafili, zile bajia za dengu, imelowa mafuta, kwa kuwa hakuona sababu ya kununua nyingine. Nuhad aliipokea, akashukuru, akaitupa, akatumia aliyokuja nayo kutoka nyumbani. Kazi ilikwenda hivyo miaka tisa, na kwa miaka yote tisa Abu Ghalib alimwita binti Fawaz.

Msimu wa harusi ulipoanza, kwenye donge la foili likatoka jina Rudaina. Lilikuwa limekatwa kwa karatasi ya rangi ya maziwa, hati nzuri, dogo kama punje ya mchele. Likafuata Hiyam, kisha Tamadur. Nuhad akazitazama kadi alizokata wiki ile. Zilisema kile ambacho kadi za mji husema: Bwana fulani bin fulani anawaalika kwenye harusi ya mwanawe fulani na binti mtukufu wa Bwana fulani. Bwana harusi alikuwa na jina, babu yake marehemu alikuwa na jina, ukumbi ulikuwa na jina, hata mzunguko wa barabara ulio karibu na ukumbi ulikuwa na jina. Bi harusi alikuwa mtukufu, basi.

"Nani kaagiza haya yakatwe?" akauliza Abu Ghalib.

"Hakuna. Ni majina ya mabibi harusi. Yanabaki kwenye kisu."

"Binti Fawaz, watu wanangoja kadi zao. Safisha vizuri."

Fundi aliitwa, akafunga kisu kipya. Jumamosi iliyofuata kisu kipya kilitoa Ibtihal wawili, kwa kuwa wiki ile waliolewa wawili. Fundi akasema kisu hakina kasoro, ila uchafu wa mji huu ni mwingi, wachome mara mia badala ya hamsini.

Habari zikaenea, na akina mama wakaanza kupita dukani kuchukua majina ya binti zao, yasije yakasomwa na mwanamume yeyote anayeingia kuulizia bei. Mama mmoja alilichukua la bintiye, akaomba maji, akalimeza, kisha akamuuliza Abu Ghalib viti vyake alivinunua wapi.

Mwaka huo Nuhad naye akachumbiwa na Laith, mwalimu wa jiografia. Alimwomba baba yake jambo moja tu.

"Baba, kwenye kadi jina langu liandikwe. Lote."

Mzee Fawaz alikuwa mtu mpole. "Liandikwe, mwanangu. Si mimi niliyekupa? Nililipenda, ndiyo maana nikakupa."

Wiki tatu Nuhad alitembea na maneno hayo kwa uangalifu, kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Wiki ya nne kaka yake Muntasir akaingia dukani na maandishi ya kadi. Nuhad aliyasoma mara moja, akamrudishia.

"Baba alisema liandikwe."

"Baba alisema, na ami zetu nao wakasema. Baba ni mmoja, wao ni saba. Unataka jina lako lizagae mikononi mwa kila dereva wa teksi?"

"Dereva wa teksi gani tumemwalika?"

"Unaona? Ndiyo maana hatukukuuliza."

"Na Laith?"

"Laith kasema tufanye tunavyoona. Kijana ana adabu yule."

Kadi mia tatu alizikata mwenyewe, kwa kuwa hakuna mwingine Irbid aliyeweza kukata nakshi ile bila kuchana karatasi. Ilimuuma, na ilimuuma zaidi kwa sababu zilitoka nzuri. Kufika kadi ya arobaini kisu kikakwama. Akakichomoa, akachoma foili. Likatoka jina Nuhad, na nukta ya herufi yake ya kwanza. Akachoma tena, Nuhad. Alichoma mara mia tatu, akapata mia tatu, kisha akachukua gundi na kibanio, akalibandika moja kwenye kila kadi, chini ya jina la baba yake.

Siku ya pili ami zake saba walikaa kwenye meza moja nyumbani kwa Mzee Fawaz, kwa mara ya kwanza tangu ugomvi wa shamba la mizeituni, wakayabandua kwa kucha. Mmoja alikuja na miwani ya kusomea. Walikunywa kahawa, wakasameheana mambo ya zamani, na wote wakakubali kwamba kadi zimekatwa vizuri sana. Mzee Fawaz ndiye aliyewamiminia kahawa.

Harusi ikapita. Laith akaona heri mkewe akae nyumbani, na Nuhad akaacha kazi. Baada ya mwaka akamzaa Yazan, na tangu siku hiyo akawa Ummu Yazan. Jina hilo mtaa mzima ulilishika kwa siku moja, kuanzia mwuza mkate hadi wale ami saba.

Dukani akaajiriwa Ummu Haitham, ambaye jina lake mwenyewe halijatoka bado. Kila Jumamosi anachomoa kisu, anachoma foili, na kila Jumamosi, kabla ya majina ya wiki, anatoka Nuhad, wakati mwingine hadi ishirini.

"Abu Ghalib," akauliza siku moja, "huyu Nuhad ni nani? Haishi kutoka."

Abu Ghalib akaweka mkate chini. Akalibeba jina kwenye ncha ya kidole, akalisogeza dirishani penye mwanga, akalisoma mara mbili. Alijitahidi kweli kukumbuka.

"Simjui," akasema. "Uchafu wa zamani huo. Endelea kusafisha."

Akamkabidhi foili ya filafili. Ummu Haitham akaipokea, akashukuru, akaitupa, akatoa aliyokuja nayo kutoka nyumbani.